Uzi: Namtafuta kaka wa bibi yangu, alikuwa skwadroni (vikosi vya ndege) za Poland kule Uingereza vita vya pili. Nina picha moja na namba iliyofutika

Mjukuu wa Usa River (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Najua wengine mtashangaa Poland inaingiaje humu, vumilieni nieleze.

Bibi mzaa mama alikuwa Mpolandi. Waliokulia Arusha wanayajua makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Mama yake bibi amelala pale. Walitolewa kijijini kwao, si mbali na Lwów, Februari 1940 na askari wa Stalin, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo hadi kaskazini ya Urusi kukata magogo. Baba mtu alifia huko. Mwaka 1942 waliobaki wakatoka kupitia Iran, wakaletwa Tanganyika kwa meli. Bibi akaolewa na babu, Mgoa aliyekuwa karani wa reli Moshi, kwa hiyo wenzake walipoanza kuhamishiwa Uingereza, Kanada na Australia mwishoni mwa miaka ya 1940, yeye akabaki.

Sasa kaka yake. Walitengana Iran mwaka 1942, yeye akachukuliwa jeshini, na nyumbani tumekua tukiambiwa alikuwa rubani wa Lancaster, yale madege ya mabomu yenye injini nne. Barua zilikuja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha kimya. Iliyobaki ni picha moja: kijana mwembamba, koti la Jeshi la Anga la Uingereza, kofia yenye tai, begani neno POLAND, nyuma yake injini ya ndege imefunuliwa. Mgongoni mwa picha kuna mwaka 1944, maneno ya Kipolandi, na namba inayoanza na 70. Tarakimu za mwisho zimefutika.

Mama ana miaka sabini na kitu na anataka kujua mjomba wake alizikwa wapi. Nimewahi kuandikia ofisi moja huko Ulaya wakanijibu nijaze fomu, na kitu cha kwanza kwenye fomu ni namba kamili ya jeshi. Namba ndiyo ninayoitafuta mimi!

Nianzie wapi?

Kisiki cha Mpingo

Mkuu pole, lakini niseme ukweli. Babu yangu alikwenda Burma na KAR, lile jeshi la wakoloni la Afrika Mashariki, hakurudi, na hatujui hata alifia mto gani. Humu hakuna aliyewahi kumfungulia uzi. Leo tunamtafuta rubani wa Kizungu?

Mama Wawili

Kisiki na wewe, ni bibi yake huyo. Mwache kijana.

Naweka kambi hapa, huu uzi mtamu.

Mstaafu wa Masijala

Mjukuu, na wengine wote, salaam. Nimekaa na majalada maisha yangu yote ya kazi, acha nichangie.

Kwanza Kisiki ana hoja, tusimzomee. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 na vijana wetu wengi walibaki kule. Ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, tafuta jina la babu yako katika makaburi ya Taukkyan na katika mnara wa Rangoon ulio hapohapo. Jaribu tahajia zote, maana karani wa Kizungu aliandika alivyosikia. Usipolipata, usidhani babu hakuwapo. Tume hiyo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika kwa maelfu mengi, hasa wa vita vya kwanza, hawakuandikwa majina popote. Fundi wa Kipolandi aliyekuwa akifunga skrubu Uingereza ana karatasi nyingi kuliko mpagazi aliyekufa akibeba risasi za watu. Hilo linauma na litaendelea kuuma. Fungua uzi wako, nitakuja kuchangia.

Sasa Mjukuu. Usianzie Uingereza. Anzia kwenye sanduku la bibi. Unataka vitu vitatu: jina la ukoo kama lilivyoandikwa kwa Kipolandi pamoja na vialama vyake vyote, tarehe ya kuzaliwa, na jina la baba. Hilo la tatu watu hulidharau. Karatasi za Kipolandi za enzi hizo humwandika mtu pamoja na jina la baba yake, na pale majina yanapofanana (yatafanana, nakuhakikishia) baba ndiye atakayewatenganisha.

Cheti cha ndoa cha bibi kipo? Kama walifunga kanisani, kitabu cha ndoa cha parokia kitakuwa na majina ya wazazi wa pande zote mbili. Ndoa ya miaka ya 1940 Moshi au Arusha si ya kale kiasi cha kushindikana. Nenda parokiani, tena nenda na mama, si peke yako. Katibu wa parokia akimwona mama mtu mzima anakuwa mpole.

Pia Kumbukumbu za Taifa pale Dar kuna majalada ya serikali ya kikoloni kuhusu wakimbizi wa Kipolandi. Tengeru ndiyo ilikuwa kambi kubwa kuliko zote, watu wapata 5,000, lakini walikuwapo pia Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Kumbuka kwa nini walikuwa huku: wengi walikuwa wake, watoto na wazazi wa wanaume waliokuwa chini ya jeshi la Poland. Kwa hiyo karatasi ya kambi na karatasi ya jeshi zinaelekeana. Huku mtu huandikwa ana ndugu jeshini, kule askari huandikwa ana mama Tengeru.

Bunduki ya Maji

Mzee Mstaafu shikamoo. Hii ya jina la baba nimeiba, naipeleka kwenye mirathi yetu.

Mstaafu wa Masijala

Marahaba. Huko kwenye mirathi ndiko hasa inakofanya kazi.

Chuma cha Nottingham

Mjukuu, mimi niko Uingereza, naishi mwendo mfupi tu kutoka Newark ambako kuna makaburi ya wanahewa wa Kipolandi karibu 400. Jenerali Sikorski mwenyewe, waziri mkuu wao aliyekufa ndege ilipoanguka Gibraltar Julai 1943, alilala hapo mpaka 1993 walipomrudisha Kraków. Nimeingia kwenye mambo haya kupitia jirani yangu mzee, mtoto wa Mpolandi, na nilipoanza sikuweza kutoka.

Samahani nitakuwa mrefu.

Rudi kwenye picha. Kuna alama moja inayoamua mambo mengi. Rubani wa Kipolandi alivaa kifuani tai wa fedha anayeshuka kwa kasi, ana shada mdomoni, na beji ina kicheni kidogo. Wenyewe waliita gapa. Mara nyingi nyuma yake imechongwa namba. Tai wa kofiani hasemi chochote, hata mpishi alikuwa naye. Neno POLAND begani ni la kila mtu. Angalia kifua cha kushoto: kuna tai wa kicheni au hakuna?

Halafu umri. Alizaliwa lini? Skwadroni ya Kipolandi iliyorusha Lancaster ni moja, 300, na ilianza kuzipokea Aprili 1944 kituoni Faldingworth. Kumtengeneza rubani wa ndege ile kulichukua mwaka na zaidi, na Lancaster ilikuwa na watu saba ndani, mmoja tu ndiye rubani. Aliyefika Iran mwaka 1942 akiwa mtoto wa miaka 15 au 16 hawezi kuwa ameshika usukani 1944. Lakini nataka nikuambie kitu usichokitarajia: vijana wadogo waliotoka Urusi kupitia Mashariki ya Kati, wengine walichaguliwa wakaletwa Uingereza kwenye shule ya ufundi wa ndege ya Halton. Injini iliyofunuliwa, kijana mwembamba, mwaka 1944. Nadhani umeshanielewa.

Namba sasa. Maafisa walikuwa na herufi P na tarakimu. Wasio maafisa, tarakimu sita. Zinazoanza na 78 na 79 ni nyingi za waliotangulia, wale walioponyoka Poland 1939 kupitia Romania na Hungaria wakaenda Ufaransa, na Ufaransa ilipoanguka Juni 1940 wakavuka. Zinazoanza na 70 mara nyingi ni za waliofika baadaye wakitokea Urusi. Na mtu aliyeanza chini akapandishwa kuwa afisa ana namba mbili, watafutaji wengi wamekwama hapo, wanadhani ni watu wawili.

Kuna orodha iko mtandaoni bure, ya Mpolandi aitwaye Tadeusz Krzystek, wanaiita Lista Krzystka. Ni wanahewa wa Kipolandi waliokuwa Uingereza kati ya 1940 na 1947: jina, namba, cheo, tarehe ya kuzaliwa, na kwa wengi tarehe ya kifo na makaburi. Weka jina la ukoo. Bibi yako kama jina lake liliishia na -ska, kaka yake anaishia na -ski, usiende kutafuta la kike ukarudi kulalamika hayupo.

Mjukuu wa Usa River

Chuma nakushukuru sana, ila hapo kwenye urubani umenikata maini kidogo. Mama amekua na hiyo hadithi. Nimeangalia picha kwa kioo cha kukuzia, kifuani hakuna kitu. Ila labda alikuwa amevua?

Amezaliwa 1926 kwa maelezo ya bibi.

Fundi Spana

Alikuwa amevua 😂😂 Mkuu, mtu apewe tai wa fedha halafu siku ya picha auache nyumbani? Hata mimi leseni ya udereva nilipiga nayo picha.

Chuma cha Nottingham

Fundi acha hizo. Mjukuu, usijisikie vibaya. Skwadroni ya ndege za kivita ilikuwa na marubani ishirini na kitu, na mafundi zaidi ya mia. 303, ile iliyovuma Northolt mwaka 1940 kwenye Vita vya Uingereza, ilikuwa na marubani hodari kina Urbanowicz na yule Mcheki František, lakini ndege iliyorudi ina matundu mchana ilitakiwa iwe hewani alfajiri. Nani aliziba matundu? Wapolandi wengi waliokuwa Jeshi la Anga hawakupaa hata siku moja. Familia zao zote zinasema babu alikuwa rubani. Zote. Jirani yangu aliishi na rubani wake mpaka jalada la baba lilipofika, kumbe mtaalamu wa redio. Aliudhika wiki nzima, sasa anajisifu.

Na fundi ana faida moja kwa mtafutaji, alikuwa na nafasi kubwa ya kuuona mwisho wa vita. Maana yake aliacha karatasi za uraiani: ndoa, uraia, nyumba, kifo.

Kisiki cha Mpingo

Nimerudi. Babu nimemtafuta Taukkyan, hayupo, Rangoon kuna majina mawili yanayofanana na lake. Mzee Mstaafu nitakufuata kwa uzi wangu.

Swali kwa Chuma: hizo skwadroni zilikuwa ngapi? Nasikia 303 tu kila mahali.

Chuma cha Nottingham

303 imependwa na kila mtu, nyingine zimebaki njaa. Zipo 300 hadi 309, halafu 315 hadi 318. Za mabomu ni 300, 301, 304 na 305. 304 ikahamishiwa doria za baharini mwaka 1942. 307 walikuwa wa usiku, nembo yao bundi. 309 ilianza kama ya kushirikiana na jeshi la nchi kavu. 318 ilikwenda Mashariki ya Kati 1943 kisha Italia. Zilizobaki ni za ndege za kivita. Ongeza kikosi cha kazi maalumu namba 1586 kilichoruka kutoka Brindisi, Italia, kwenda kudondosha silaha Warszawa ilipoasi Agosti na Septemba 1944. Safari zile ziliua wengi, Wapolandi, Waingereza na Waafrika Kusini. Na kabla ya hapo walikuwepo Wapolandi waliorusha ndege mpya kutoka Takoradi, Ghana ya leo, wakikata Afrika mpaka Misri. Kwa hiyo mtu wako anaweza kuwa amepita anga la Sudan bila wewe kujua.

Kila skwadroni ilikuwa na daftari la kila siku la operesheni. Liko Kew, Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, fungu la AIR 27, na unaweza kulipakua kwa malipo. Lina sehemu mbili: masimulizi ya siku, na karatasi ya safari moja moja yenye majina ya walioruka, saa ya kuondoka na ya kurudi. Ukimtafuta rubani utalia kwa furaha. Ukimtafuta fundi utalia tu, maana jina lake halimo labda aumie au apewe nishani.

Mwana Lushi

Bandugu, niko Lubumbashi, nasoma tu kimyakimya lakini hapa lazima niongee. Wazee wa huku wanamkumbuka Mpolandi mmoja wa hizo 303. Jan Zumbach. Aliongoza hiyo skwadroni 1942, na miaka 20 baadaye akawa huku kwetu Katanga anamtengenezea Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, jeshi la ndege. Kisha akaenda Biafra, Nigeria. Alikuwa na uraia wa Uswisi toka kwa ukoo wake. Ninachosema, si wote walitulia Uingereza wakapanda maua. Ukimkosa mtu kwenye karatasi za London, jua dunia ilikuwa kubwa.

Mama Wawili

Kumbe! Huyo Zumbach afunguliwe uzi wake.

BintiBunyoro

Wapendwa, mimi natoka Masindi, Uganda. Wapolandi walikuwa na kambi kwetu Nyabyeya, karibu na msitu wa Budongo, na nyingine Koja upande wa Ziwa Victoria. Kanisa walilojenga Nyabyeya bado lipo na watu wanasali, chuo cha misitu kiko hapohapo. Shangazi yangu aliwahi kuwapokea wageni wa Kipolandi waliokuja kutafuta majina.

Nataka kumwambia mleta uzi hivi: familia zilihamishwahamishwa kati ya kambi. Mwenye kaburi Tengeru anaweza kuwa na mtoto aliyesomea Masindi au Rongai kule Kenya. Ukiuliza kambi moja ukaambiwa hayupo, uliza ya pili.

Mstaafu wa Masijala

Binti umesema vizuri. Mjukuu, kimya chako kinanitia shaka, umekwenda parokiani au bado unatazama picha?

Mjukuu wa Usa River

Mzee shikamoo. Nilikwenda na mama kama ulivyoelekeza. Katibu alianza na "njooni wiki ijayo", mama akaketi, kitabu kikapatikana.

Jina la baba wa bibi tumelipata, na jina la mama kabla ya kuolewa, limeandikwa vizuri kabisa, hata ile L iliyokatwa. Nimerudi nikaingia kwenye orodha ya Krzystek. Jina la ukoo limetoa watu kumi na wawili! Wenye jina la kwanza linalofanana na la kaka wa bibi ni wawili. Mmoja namba yake inaanza na 78, amezaliwa 1911. Wa pili namba inaanza na 70, tarakimu nne za mwanzo zinafanana na zinazosomeka kwenye picha. Siku na mwezi wa kuzaliwa ni uleule ambao bibi alikuwa akimfanyia kaka yake sala. Ila mwaka ni 1925, siyo 1926. Hakuna tarehe ya kifo wala makaburi.

Ni yeye? Mwaka unanisumbua.

Mstaafu wa Masijala

Marahaba mwanangu. Mwaka usikusumbue peke yake. Mtoto aliyetoka kwenye njaa ya Urusi akaona jeshi linagawa mkate na viatu, alitaja umri wowote uliomfaa foleni ile. Siku na mwezi mtu hasahau, mwaka anauvuta. Lakini mimi ni mtu wa masijala, siwezi kukwambia ni yeye mpaka baba asome sawa. Orodha ile ina jina la baba?

Mjukuu wa Usa River

Sikuliona.

Chuma cha Nottingham

Basi tumia mlango mwingine. Kituo kiitwacho KARTA cha Warszawa kilianzisha faharasa ya watu waliokandamizwa na Urusi, wale waliohamishwa kwa nguvu na kufungwa. Iko mtandaoni kwa Kipolandi, si ngumu. Inatoa jina, mwaka wa kuzaliwa, jina la baba, walikopelekwa, na walipoachiwa. Familia nzima hukaa pamoja. Mweke mama mtu kwanza, aliyezikwa Tengeru, halafu uone watoto wanaomfuata. Wengi waliachiwa baada ya makubaliano ya Sikorski na Mayski, balozi wa Urusi, ya Julai 1941, kwa hiyo ukiona tarehe za miezi inayofuata usishtuke.

Fundi Spana

Hawa wazungu walimwandika kila mtu aisee. Mimi cheti changu cha kuzaliwa chenyewe nilitafutiwa mashahidi.

Mjukuu wa Usa River

WAKUU. Wapo. Mama yake bibi, bibi, kaka, wote wanafuatana, jina la baba lilelile la kwenye kitabu cha parokia, mkoa wa Arkhangelsk. Na kaka mwaka wake ni 1926.

Nimemsomea mama kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza "kwa hiyo hakuwa rubani?" Nikamwambia mama, alikuwa fundi, ndege hazikuruka bila yeye. Akasema "sawa, lakini kanisani usiwaambie." 😂

Mama Wawili

Mama ameshinda uzi.

Bunduki ya Maji

Hongera mkuu! Kwa hiyo sasa kaburi?

Chuma cha Nottingham

Sasa ndiyo safari ya pili, maana vita imekwisha na mtu wetu yuko hai.

Elewa hali aliyokuwamo. Baada ya mkutano wa Yalta wa Stalin, Churchill na Roosevelt, Februari 1945, mashariki ya Poland ikawa ya Urusi. Lwów leo iko Ukraine. Kijana hana kwao pa kurudi, hata angetaka. Na waliorudi Poland wengine walikiona: Stanisław Skalski, rubani wao mwenye ushindi mwingi kuliko wote, alifungwa na serikali ya Kikomunisti kutoka 1948 hadi 1956. Kwa hiyo wengi waliingia kwenye kikosi cha makazi mapya kilichoundwa 1946, na sheria ya 1947 ikawapa haki ya kukaa. Wakawekwa kwenye vituo vilivyoachwa na jeshi, kama Penrhos kule Wales.

Kwenye kikosi hicho walijaza ndugu wa karibu. Tengeru inaweza kuandikwa hapo. Jalada lake la utumishi linaombwa kupitia Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, lakini majalada yamekuwa yakihamishiwa Kew kwa awamu, hivyo soma kwanza kwenye tovuti yao nani analo kabla ya kulipa. Fomu itakuuliza uthibitisho kwamba amekufa. Kwa aliyezaliwa 1926 usiye na cheti chake, ambatanisha barua inayoeleza, pamoja na nakala za parokia kuonyesha ukoo. Namba unayo sasa, ile fomu yako ya mwanzo haina tena cha kukutisha.

Wakati unasubiri, nenda kwenye gazeti rasmi la serikali, London Gazette, liko wazi mtandaoni. Waliopewa uraia walitangazwa humo: jina, nchi, kazi, anwani, tarehe. Tafuta kuanzia 1947 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Na angalia matangazo ya kubadili majina pia. Wapolandi wengi walichoka kutamkiwa vibaya wakajiita majina ya Kiingereza, na hapo ndipo barua za kutoka Usa River zinapogonga mlango usiokuwa na mwenyewe.

BintiBunyoro

Na yeye mwenyewe labda aliandika barua Tengeru wakati kambi imeshafungwa. Bibi alikuwa Moshi kwa mumewe.

Mjukuu wa Usa River

BintiBunyoro hilo hatukuwahi kulifikiria nyumbani. Miaka yote tulidhani yeye ndiye aliyetuacha.

Nimetafuta kwenye gazeti. Jina la ukoo lina matangazo kadhaa. Mmoja ni fundi mitambo, anwani Lancashire, jina la kwanza ni lake. Gazeti halina tarehe ya kuzaliwa.

Mstaafu wa Masijala

Usisherehekee. Fundi wa Kipolandi Lancashire miaka hiyo walikuwa wengi kama maembe Muheza. Tafuta ndoa. Cheti cha ndoa cha Kiingereza kina jina la baba wa bwana harusi na kazi yake.

Chuma cha Nottingham

Sahihi. Faharasa ya ndoa imepangwa kwa robo ya mwaka, utapata jina, wilaya ya usajili, juzuu na ukurasa. Ukishapata hivyo unaagiza cheti kwa posta. Nitumie faragha jina la ukoo, mwaka wa gazeti na anwani, nikutafutie robo zote kutoka 1946 hadi 1960. Nina mpango wa kwenda Kew mwisho wa mwezi kwa kazi ya jirani yangu, cheti cha uraia cha mtu wako nitakiomba hukohuko kwenye fungu la HO 334. Kile kina tarehe ya kuzaliwa. Kikisema 1925 kama orodha ya jeshi, na ndoa ikasema jina la baba, tumempata.

Kisiki cha Mpingo

Chuma, Kew wana chochote cha KAR?

Chuma cha Nottingham

Wana shajara za vita za vikosi vya Afrika Mashariki, ndiyo, fungu la WO. Askari wa kawaida hutajwa kwa nadra. Nitumie namba ya batalioni ya babu, nitaagiza ya 1944 siku hiyohiyo.

Kisiki cha Mpingo

Batalioni siijui. Namuuliza baba jioni.

Mjukuu wa Usa River

Chuma nimekutumia faragha. Nimeongeza na picha ya maandishi ya mgongoni, kuna neno la mwisho kabla ya mwaka sijalisoma, linaanza na H.